Nilivyouzunguka Mlima Meru Kulitafuta Jina la Mama

Niliondoka Njiro, hapa Arusha mjini, kwa sababu mjukuu wangu Naomi aliniuliza swali ambalo mtoto wa chekechea analijibu, nami nikakosa jibu. Alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha kichanga chake cha wiki tatu, mimi nimemshikia kikombe cha uji. Akasema tu, bila ubaya wowote: "Bibi, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Nina miaka sabini na kitu. Nimezaa watoto sita, nimelima mahindi na maharage kwa mkono huu, nimeuza maziwa Ngaramtoni mpaka wanywaji wangu wa kwanza sasa ni wazee wa kanisa. Simuogopi mtu. Lakini pale nilibaki nimekishika kile kikombe mpaka uji ukaweka ngozi juu. Sikujua. Sikuwahi kujua.

Ninyi wa kwetu chini ya mlima mnaelewa, lakini wengine niwaeleze. Kwetu Waarusha wa zamani, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena nyumbani kwake. Na mwanamke hata akiwa hai anaitwa mama fulani, basi. Mama yangu alikuwa mke wa pili wa baba. Alikufa nikiwa na miaka mitatu, minne hivi. Tangu siku ile, ikibidi atajwe, walisema "yule wa nyumba ya chini". Nililelewa na mama mkubwa, akanipenda, sikulala njaa hata siku moja. Lakini jina la mama yangu lilifungwa mdomoni mwa watu, na waliolijua wakaondoka nalo mmoja mmoja.

Swali la Naomi lilikuwa na haraka yake. Mume wake, Gasper, ni Mchaga wa Machame. Kwao mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba, wa pili huchukua upande wa mama. Huyu ni wa pili, kwa hiyo zamu ni yetu. Jina la mama yake na langu yalishachukuliwa na mabinti wa dada yake Naomi, ndiyo maana akataka apande ngazi moja juu. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Na Mama Gasper, mkwe wake Naomi, mwanamke hodari sikatai, alishasema kwenye simu nami nikisikia: "Kama upande wenu hamna jina, msihangaike. Mimi ninalo la dada yangu, liko tayari."

Hamna jina! Kama vile mtu anakwambia hamna chumvi!

Kitu pekee nilichokuwa nacho cha mama yangu ni mlima. Niko mgongoni kwa mtu, nimefungwa nguo ya buluu, nasikia harufu ya moshi na maziwa, na mbele yetu mlima unapanda na kushuka kwa hatua zake. Lakini mlima ule una kosa. Upande mmoja umebomoka, kama chungu kilichovunjika mdomo. Mlima wetu wa Ngaramtoni hauko hivyo. Ule umekaa mzima, kama bibi aliyejifunika shuka. Kwa hiyo maisha yangu yote nilisema ile ni ndoto ya mtoto, na mlima wa ndotoni unaruhusiwa kuvunjika.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa mjini, kwenye ukumbi mmoja si mbali na Mnara wa Saa. Naomi ndiye aliyeona tangazo ubaoni kanisani: darasa la bure, jinsi ya kutafuta historia ya familia yako, njoo na daftari. Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane. Mara ya mwisho kununua daftari kwa ajili yangu nilikuwa darasa la nne, na darasa la nne ndilo nililoishia.

Tulikuwa kama watu kumi na watano. Mwalimu alikuwa binti mwembamba anaitwa Aneth, sauti yake ndogo, inabidi unyamaze ndipo umsikie. Akatuambia: "Anza na wewe mwenyewe. Andika unachokijua kuhusu wewe, ndipo upande kwa mzazi, ndipo kwa mzazi wa mzazi." Halafu akatutajia mahali ambapo majina yanalala: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, rejista za shule za zamani, misalaba ya makaburini, nyuma ya picha, kurasa za mwanzo za Biblia ambako baba zetu waliandika watoto wao. Akasema wazee tuwarekodi kwenye simu, wasikimbizwe, waachwe wapotee njia wenyewe kwa sababu huko wanakopotea ndiko kwenye mambo. Akasema mzee anaweza asijue mwaka, lakini rika lake la jando halisahau, na ukijua rika umepata karibu na mwaka.

Alivyokuwa akisema hivyo nilisinzia kidogo, siyo usingizi, ni ile hali ya kusikia huku unaona. Niliona majina yamelala kwenye vitabu kama watoto kwenye ngozi, wamejifunika, wanapumua.

Binti mmoja aliyesuka nywele ndefu akanizindua. "Mwalimu, si kuna wale wa nje wanapima mate, wanakwambia asili yako?"

"Wapo," Mwalimu Aneth akasema.

Nikauliza: "Mate yanajua jina la mama yangu?"

"Hapana, bibi."

"Basi mimi nitayameza."

Walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mzee wa Kihindi aliyekaa pembeni yangu, Mzee Kantilal, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa na karatasi ndefu imekunjwa ndani ya kitambaa, akanionyesha. Ukoo wake wote, umenakiliwa kwenye kitabu cha mtunza majina huko India kwao: baba, na baba wa baba, na baba wa huyo, wanashuka mpaka kumi na mbili.

"Na mama zao?" nikauliza.

"Wanawake hawakuandikwa."

"Kwa hiyo ninyi mmezaana madume kwa madume?"

Mzee yule alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alikuwa amebadilika sura. "Ndiyo maana nimekuja, mama. Bibi yangu aliletwa Arusha bibi harusi, akazaa watoto tisa hapa hapa. Baba yangu mmoja wao. Hakuna anayejua aliitwaje."

Tukatazamana. Mimi na karatasi yangu tupu, yeye na karatasi yake iliyojaa, na shida yetu moja.

Kabla hatujatoka, Mwalimu Aneth akasema jambo la mwisho, nami nikaliandika kwa herufi kubwa: "Ukienda kwa wazee, usianze na jina. Jina ni mlango wenye kufuli. Anza na kitu. Shamba, mbegu, ng'ombe, wimbo. Uliza kitu hicho kilitoka wapi." Niliandika vizuri kabisa. Halafu nikafunga daftari na kusahau, kwa sababu nilijiona najua watu wetu kuliko binti wa mjini.

Alhamisi Gasper alinishusha Ngaramtoni asubuhi. Ilikuwa siku ya soko. Wafugaji wameteremka na mbuzi, akina mama wametandaza vitunguu na mbaazi chini, kila mtu anaongea na mtu wa mbali. Wawili waliniita kwa jina la biashara yangu, "Mama Maziwa!", nikapunga mkono kama mheshimiwa. Nikapanda pikipiki miguu upande mmoja, tukapanda kwenye vumbi mpaka kwa kaka yangu.

Kaka yangu Lembris ni mtoto wa mama mkubwa. Kanizidi miaka kama saba. Mama yangu alipoolewa yeye alikuwa anachunga ndama, kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyebaki na jina lile, ni yeye. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, fimbo magotini, uso umeelekezwa mlimani.

"Takwenya," akaniamkia.

"Iko," nikaitika.

Wifi yangu akaleta loshoro kwenye bakuli, mahindi laini kwenye maziwa mgando, baridi mpaka kwenye mifupa. Nilikula vijiko vitatu. Cha nne sikukimaliza, nikasema: "Kaka, mama yangu aliitwa nani?"

Akanitazama kana kwamba nimevua nguo hapo uani.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula. Nimekuuliza kitu."

"Umekaa Njiro kwenye mageti mpaka adabu imekutoka. Unataka nimtaje aliyelala? Kwenye uwanja wake?"

"Ni mama yangu, Lembris. Nina haki."

"Una haki ya kunyamaza." Akasimama, akachukua fimbo, akaenda migombani, mgongo umenyooka. Yeye ni Mkristo, anakaa benchi la mbele, lakini mambo mengine hayajawahi kumtoka na hayatamtoka.

Wifi akasema polepole: "Wifi, umemkata maini."

Nikakaa peke yangu mpaka mchana ukageuka. Mjinga ni mjinga tu, hata akiwa na mvi. Siku zimebaki tatu, na mtu pekee mwenye jina nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Upepo ulikuwa unashuka mlimani, majani ya migomba yanasugua kama nguo zinazokunjwa mahali fulani ndani ya nyumba. Nikamwona Mama Gasper ananitolea jina la dada yake kwenye mkoba, limekunjwa vizuri kama leso. Ndipo nikafungua daftari nitafute pa kulilia, nikakuta herufi zangu kubwa: ANZA NA KITU.

Saa kumi na moja ng'ombe wakarudi. Kaka alikuwa mlangoni mwa zizi anawahesabu kwa macho. Nikaenda nikasimama karibu naye, siyo karibu sana. Akapita mmoja mwekundu, mrefu, mwenye doa jeupe kwenye paji, anatembea kama mke wa mchungaji.

"Huyu ametoka wapi?" nikauliza.

Uso wa kaka ukafunguka. Mzee wa kwetu muulize watu atanuna, muulize ng'ombe utakaa mpaka umande. "Huyu ni Seela. Mama yake Seela. Bibi yake alikuwa Seela, yule aliyekuwa anatoa maziwa mpaka tunawapa majirani. Na mama wa huyo naye Seela, na wa nyuma yake wote."

"Mbona wote Seela?"

"Umesahau? Wa kwanza akiletwa, anaitwa kwa mahali alikotoka. Wanaomfuata wanabeba hilo hilo. Binti, na binti wa binti."

Seela ni Umeru, upande mwingine kabisa wa mlima. Nikajizuia nisiseme haraka. "Na huyo wa kwanza, alikuja kwetu namna gani?"

Ng'ombe wote waliisha kuingia. Akaweka mkono kwenye mgongo wa yule mwekundu, akamsugua taratibu, akiongea kama anaongea naye, siyo na mimi.

"Alikuja mtamba, anatembea nyuma ya bibi harusi. Baba wa binti alimpa aje naye. Mimi nilikuwa mdogo, nikatumwa kupokea kamba. Yule bibi harusi alikuwa na ndizi mbivu kwenye nguo yake. Akanipa. Kila nilipotoka malishoni, alikuwa amenifichia moja." Akamfukuzia nzi. "Sitasema zaidi, Martha. Mimi nina mwiko wangu. Ng'ombe hana."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika, angeona aibu. Tulisimama pale tu, na mimi nawaza jambo moja linalouma na linalochekesha pamoja: ng'ombe wa mama yangu ana jina vizazi na vizazi, na mama yangu hana.

Ijumaa asubuhi nilikodi taksi, nikashuka tena mjini, nikapita bila kusimama, nikashika barabara ya Moshi. Tengeru ikapita, magunia ya karoti yamesimama kando ya barabara. Baada ya Usa River tukaacha lami na kuanza kupanda. Huko ni nchi ya maji. Kila baada ya hatua chache unasikia mfereji unaongea chini ya majani. Kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mikubwa, na juu ya yote ukungu mzito uliofunika mlima wote. Dereva akawasha taa mchana. Nilihisi kama tunapita ndani ya pumzi ya mtu aliyelala. Mara mbili nilimwambia dereva asimame, nikidhani nimeona njia ninayoijua. Sikuwahi kufika huko. Ndivyo nilivyojiambia.

Ofisi ya usharika wa Seela ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mwinjilisti, mama wa makamo anaitwa Anna, akaniamkia, akanikalisha, akakataa kusikiliza chochote mpaka ninywe chai. Nilipomaliza nikamwambia: namtafuta mwanamke aliyeolewa kutoka hapa kwenda kwa Waarusha, Ngaramtoni, akaondoka na mtamba.

"Bibi, kitabu changu hakina mitamba," akasema.

"Kina nini?"

"Jina la mtoto, baba, mama, wadhamini, mchungaji. Baba yake huyo mwanamke aliitwa nani?"

"Sijui."

"Ukoo wake?"

"Sijui."

"Mwaka?"

"Mwanangu, ningekuwa nayajua hayo ningekuja kunywa chai tu."

Akacheka, halafu akakuna kichwa. Ukungu umekaa dirishani kama mtu anayechungulia. Nikajua nimefika mwisho wa njia na mlango umefungwa. Ndipo Anna akauliza, kama anapoteza muda: "Na wewe mwenyewe, ulibatizwa wapi?"

"Kipaimara nilipata Ngaramtoni. Cheti cha ubatizo tuliambiwa kilipotea."

"Kilipotea kikitokea wapi?"

Sikuwahi kujiuliza.

"Mtoto wa kwanza," akasema, "zamani wanawake wa hapa walirudi kujifungulia kwa mama zao. Wewe ulikuwa wa kwanza wake?"

"Wa kwanza na wa mwisho."

"Basi tusimtafute mama yako. Tukutafute wewe."

Anza na wewe mwenyewe. Lilikuwa neno la kwanza kabisa kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, na mimi nimelizungukia mlima mzima.

Vitabu vilikuwa kwenye kabati la chuma, kila kimoja kimefungwa kwenye khanga. Anna akaniuliza nilizaliwa lini, nikamwambia miaka kadhaa kabla ya uhuru, baba alikuwa wa rika la Twati na tayari ana mke mkubwa na mtoto wa kuchunga ndama. Akahesabu kwa vidole, akatoa kitabu cha tatu. Karatasi zake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wino wa kahawia, herufi zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nikalamba kidole nifungue ukurasa.

"Bibi! Mate hapana!"

Kumbe hata huku mate yangu hayatakiwi. Nikafuta kidole kwenye gauni, akanipa rula ya mbao, nikaiweka chini ya mstari wa kwanza na kuanza kusoma. Mimi nasoma polepole, nikitembeza midomo. Yakapita majina ya watoto wa watu. Wengine nadhani ni vikongwe kama mimi, wengine wamekwisha lala. Ukurasa, ukurasa. Ukurasa wa tisa nikakuta mtu anaitwa Martha.

Baba: na hapo liko jina la baba yangu, ambalo sitaliandika hapa. Wa Ngaramtoni, pameandikwa, ili pasiwe na ubishi.

Mama: Ndeonasia. Wa hapa.

Nililisoma kwa kidole hewani, bila kugusa. Nikalisoma tena. Anna akanisomea kwa sauti, nikamwambia arudie, akarudia. Ndeonasia. Jina refu, linaingia mdomoni kama maji ya mfereji. Sikulia. Nililia baadaye, lakini pale nilikaa kama mtu aliyekuwa anashikilia mlango kwa nguvu, mlango ukafunguka, akabaki hajui mikono aiweke wapi.

Anna akaninakilia mstari wote kwenye karatasi, akagonga muhuri. Tulipotoka nje ukungu ulikuwa unapanda. Unapanda polepole, kama mtu anayevuta shuka akiamka. Yakatokea mashamba ya juu, ukatokea msitu, halafu ukatokea mlima wenyewe.

Ulikuwa umebomoka upande mmoja. Kama chungu kilichovunjika mdomo.

Anna akanishika kiwiko. "Bibi, unaumwa?"

"Mlima wenu huwa uko hivi?"

"Tangu tuzaliwe. Kwa upande huu ndivyo unavyoonekana."

Nikasimama pale, mwanamke mzima mwenye goti bovu, na nikasikia harufu ya moshi na maziwa. Sikuota. Nilibebwa. Aliuzunguka mlima kwa miguu yake akinileta kwao kusalimia, mimi mgongoni naona kila kitu, na nikamtunzia miaka yote hiyo bila kujua ninatunza nini. Nikasema jina lake mara moja, chini chini, kuelekea kule juu. Halafu nikaingia kwenye taksi. Anna akanifuata na shazi la ndizi mbivu, akalipitisha dirishani.

Jumamosi nilikuwa nimerudi Njiro. Nilimwambia Naomi peke yake, nikamwonyesha karatasi, naye akalitamka kwenye sikio la mtoto. Akampelekea mchungaji kwenye bahasha. Kwa wengine nilifunga mdomo. Mama Gasper alifika jioni kutoka Machame na mkoba wake mkubwa.

"Haya bibi, jina limepatikana?"

"Utalisikia mbele za watu."

"Langu liko tayari lakini."

"Lifunge vizuri lisipate baridi," nikamwambia.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya pili, kaka Lembris akashuka kwenye gari nje ya kanisa. Sikumtarajia. Amevaa koti, shuka nyekundu juu yake, na mkononi kibuyu cha maziwa ya Seela. Tukakaa kwenye benchi nje. Nikatoa ndizi kwenye mfuko, nikamwekea magotini.

"Zimetoka upande ule," nikasema. Sikuongeza neno, naye sikumwambia nilichokiona kitabuni. Sasa na mimi nilikuwa nimejifunza.

Alizitazama muda mrefu. Akamenya moja. Akaila taratibu, mzee wa miaka karibu themanini, na nikaona uso wake unakuwa wa mtoto anayetoka malishoni. Alipomaliza akapangusa vidole kwenye shuka, akamwambia Naomi aliyekuwa kando yetu: "Nipe huyo."

Naomi akamweka kichanga mikononi mwake. Kaka akamnyanyua, akamtemea mate kidogo ya baraka juu ya paji, kama wazee wetu wanavyobariki. Kisha akamwita.

"Ndeonasia."

Naomi akanitazama. Mimi nikamtazama kaka. "Nani amekwambia?"

"Nani aniambie nini? Nilikuwa nalo."

"Miaka yote hii, Lembris?"

"Halikuwa la kutaja. La aliyelala halitajwi." Akamrekebishia mtoto kofia. "Lakini huyu hajalala. Huyu ananitazama. Sasa linatajwa." Akalisema tena, na tena, kama mtu aliyekaa na kiu na sasa amepewa kibuyu kizima.

Mama Gasper alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wake. "Ndeonasia? Hilo mbona la kwetu Machame kabisa!"

"Ni la kwetu," nikasema. "Nimelizungukia mlima mzima."

Akafikiri. Halafu akafunga zipu ya mkoba, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Msiseme darasa ni la wasomi. Mimi wa darasa la nne nimetoka na daftari na maswali mawili ya busara, na nimepata. Andikeni majina ya mama zenu leo, kabla ya uji kuweka ngozi. Mzee Kantilal nilimpigia simu nikamweleza, nikamwambia aache kutafuta jina, atafute sufuria au sari aliyokuja nayo bibi yake. Akasema kuna bangili moja ya shaba nyumbani na hakuna anayejua ilitoka wapi. Nikamwambia basi, aanzie hapo.

Jumatatu asubuhi Naomi alikuwa anaoga, mtoto yuko sebuleni kwenye kitanda chake. Jua limeingia kwenye nondo za dirisha, limemlalia mistari mistari. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa sijawahi kumwita mama yangu kwa jina, hata mara moja, kwa sauti ya kusikika.

"Ndeonasia!" nikaita.

Akageuza kichwa.